Mtoto akijitia kitu puani, mkono wa mzazi usitangulie

Tasbihi ya mama yangu ilikatika uzi usiku mmoja baada ya Isha, punje zake zikatawanyika chumba kizima. Ilikuwa tasbihi ya punje 99, ndogo, nyeusi, zilizolainika kwa kushikwa miaka mingi. Tukawasha taa, tukakunja mkeka, tukasogeza kitanda, na watoto wakashiriki kuokota kwa furaha kana kwamba ni mchezo wa mkesha wa Idi. Mama akazihesabu mara mbili juu ya sinia. Zilikuwa 98. Tukasema iliyobaki imezama katika ufa wa sakafu. Mama akazitunga zile 98, akapiga fundo mahali pa ile iliyopotea, nasi tukaendelea na shughuli zetu.

Punje ile haikuwa sakafuni. Ilikuwa katika tundu la kulia la pua ya binti yangu mwenye umri wa miaka 3, na ilikaa humo siku 23 kabla hatujaitambua.

Mimi si daktari. Ni katibu wa kamati ya msikiti, na kalamu yangu imezoea mihtasari ya vikao, hesabu za michango na ratiba za darsa. Lakini nimeona wazazi wenzangu wana haki ya kuelezwa makosa niliyoyafanya, kwa kuwa niliyafanya kwa nia njema, na nia njema haikumpunguzia mtoto maumivu hata chembe. Yale ya kitabibu yaliyomo humu nimeyapata kwa waliomhudumia binti yangu na kwa kusoma nilikosoma baadaye, wakati ambapo kusoma kungenifaa zaidi kama kungetangulia.

Harufu iliyotufukuzia wageni

Wiki ya kwanza mtoto alipiga chafya mara kwa mara, akawa anajisugua pua. Hatukulitilia maanani. Wiki ya pili kamasi zito likaanza kumtoka, la rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na pamoja nalo harufu. Ndugu msomaji, sizungumzii harufu ya mtoto aliyecheza juani. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza, iliyomfuata kila alikokwenda na kubaki juu ya mto alipoamka.

Tulimpeleka zahanati. Tukaambiwa ni mafua, tukapewa dawa ya maji. Tuliporudi mara ya pili tukapewa antibiotiki. Harufu ikapungua kwa siku chache, kisha ikarejea kama ilivyokuwa. Hakuna aliyemmulika puani, na sisi wenyewe hatukuomba amulikwe. Nyumbani tulimwogesha mara tatu kwa siku, tukabadili foronya, tukampiga mswaki tukidhani ni meno. Jirani mmoja alinong'ona kwamba huenda mtoto amepatwa na jicho. Wageni wakapungua, na mke wangu akaanza kuona haya kumchukua mtoto kwenye shughuli za wanawake.

Aliyetufumbua macho ni ustadha wa chuoni, ambako binti huyu huandamana na kaka yake alasiri. Siku moja alimleta mwenyewe, amemshika mkono, akasimama barazani na kusema: "Baba, wenzake wanamkimbia. Nimemkalisha karibu nami asijione mnyonge. Lakini harufu hii si ya uchafu. Mwanangu wa pili aliwahi kujitia mbegu ya ubuyu, akanuka hivi hivi. Mwangalieni puani, na mwangalie tundu moja moja."

Nilimwuliza mtoto kama alijitia kitu. Akautazama uso wangu, akatikisa kichwa kukataa.

Kosa la usiku ule

Usiku niliwasha tochi ya simu, nikamlaza chali na kuinua ncha ya pua yake kwa kidole gumba. Nyuma ya kamasi, kwa mbali, niliona kitu cheusi chenye kung'aa. Nilifurahi kama mtu aliyeona mwezi wa Shawwal. Nikaagiza kibanio, kile kidogo cha kuchomolea miiba.

Mama mtoto akaniambia, "Baba, tungoje asubuhi."

Sikungoja. Niliingiza kibanio, nikaigusa punje, nikabana. Kitu cha mviringo kilicho laini hakibaniki. Huteleza kama kokwa ya zambarau katikati ya vidole. Punje iliruka kwenda ndani, mtoto akapiga ukelele, damu ikatoka. Nilipomulika tena sikuona chochote. Nilijaribu mara ya pili kwa pupa, huku mama akimshika kichwa naye akilia. Mara ya tatu mke wangu aliniondoa mkono.

Leo najua kwamba mke wangu alikuwa sahihi kwa kila hali. Punje ilikwisha kukaa humo wiki tatu. Saa nane zaidi zisingemdhuru kitu. Kilichomdhuru usiku ule ni mkono wangu.

Pua ilivyo kwa ndani

Wengi wetu tunadhani pua hupanda juu kuelekea katikati ya macho, na ndiyo maana tunapochokoa tunachokoa kwenda juu. Sivyo. Sakafu ya pua hukwenda moja kwa moja nyuma, juu ya kaakaa la kinywa, mpaka inapokutana na koo. Katika ukuta wa nje wa kila tundu mna matuta matatu ya mfupa mwembamba, yaliyojikunja na kuvikwa utando laini wenye damu nyingi. Kazi yake ni kuipasha joto hewa tunayoivuta na kuilowanisha. Kitu kikiingia hunasa mara nyingi chini ya tuta la chini kabisa, au mbele kidogo ya lile la katikati.

Mzazi akikisukuma, mambo mawili huweza kutokea. La kwanza, kitapita mahali pembamba na kujikaza zaidi, na utando utavimba na kutoka damu, hata daktari atakayekuja baadaye asione vizuri. La pili, ambalo ni nadra lakini ndilo lenye kutisha, kitaangukia kooni. Hapo ama kitamezwa, ama kitaingia katika njia ya hewa kuelekea mapafuni, na huo ni msiba wa aina nyingine kabisa.

Wanaojitia vitu puani ni zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 5, na mara nyingi ni tundu la kulia, kwa kuwa wengi hutumia mkono wa kulia. Hawafanyi hivyo kwa ukorofi. Huo ni umri wa kujaribu kila tundu na kila kitu: harage linalochambuliwa kwenye ungo, punje ya mahindi, njugu, mbegu ya ubuyu, kipande cha karatasi, sponji iliyonyofolewa godoroni, kifutio, chaki, kijiwe, ushanga uliodondoka kwenye baibui la mama.

Vitu hivi havifanani tabia. Sponji, karatasi na mbegu hunyonya unyevu na kuoza, kwa hiyo harufu huja mapema. Harage huvimba likilowa na kujikaza mahali pake. Ushanga, kijiwe na plastiki huweza kukaa kimya muda mrefu. Baadaye utando uliokuwa ukisuguliwa huvimba, kamasi hukosa njia ya kupita, na bakteria hustawi nyuma yake. Kitu kikisahauliwa kwa miaka, chumvichumvi za mwilini hukizunguka tabaka juu ya tabaka mpaka kikawa jiwe. Wapo watu wazima waliokutwa na mawe ya namna hiyo puani, na katikati ya jiwe kitu alichojitia mwenyewe akiwa mtoto.

Dalili ya kuishika

Kama msomaji atalichukua jambo moja tu katika makala haya, basi alichukue hili: kamasi lenye harufu mbaya, litokalo tundu moja tu, kwa mtoto mdogo, lihesabiwe kuwa ni kitu kilichonasa mpaka daktari amulike na kuthibitisha kinyume chake. Mafua hayachagui upande, na mzio hauchagui upande. Tundu moja likitoka uchafu na la pili likiwa kavu, hapo pana jambo.

Dalili nyingine ni kutokwa damu upande mmoja, kuziba upande mmoja, kukoroma ambako hakukuwapo, mtoto kujichokoa mahali pale pale, au kukataa kuguswa pua. Wakati mwingine hakuna dalili yoyote, isipokuwa mtoto mwenyewe kusema, au kitu kidogo kukosekana nyumbani. Antibiotiki huweza kuipunguza harufu kwa muda, kama ilivyotokea kwetu, lakini haiwezi kuitoa punje. Ukipewa dawa, harufu ikaondoka na kisha ikarudi, usiombe dawa yenye nguvu zaidi. Omba pua ya mtoto imulikwe.

Na tusione haya. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kwetu sisi aibu ilikula wiki nzima ambayo mtoto angekuwa amekwisha kupona.

Namna punje ilivyotolewa

Asubuhi tulikwenda hospitali. Daktari aliuliza kwanza, "Mmejaribu kukitoa nyumbani? Mara ngapi?" Nikasema kweli. Hakunikaripia. Alisema tu, "Basi hofu aliyokuja nayo mtoto huyu si ya punje. Ni ya kibanio."

Muuguzi, mama wa makamo, alimpakata binti yangu na kumwuliza kwa sauti ya chini ni kitu gani alichokiweka. Mtoto aliyenificha mimi akamjibu palepale: "Tasbihi ya bibi. Nimeiweka isipotee."

Walimtia matone ya dawa ya kunywesha uvimbe pamoja na ya ganzi, wakangoja kidogo. Kisha wakamviringisha kwa kanga ya mama yake, mikono ikiwa ndani, wakamkalisha mapajani pa mama, na muuguzi akakishika kichwa kisicheze. Daktari alivaa taa ya kipajini ili mikono yote miwili ipate nafasi. Hakutumia kibanio. Alitumia chuma chembamba chenye ncha iliyopindwa kama kulabu ndogo. Alikipitisha juu ya punje mpaka nyuma yake, akakigeuza, akaivuta taratibu kuja mbele. Jaribio la kwanza lilishindikana kwa sababu ya uvimbe nilioutia mimi. La pili punje ikatoka, na harufu ikajaa chumba.

Nilijifunza kwamba kila kitu kina chombo chake. Karatasi, sponji na chochote chenye kona za kushika hutolewa kwa koleo nyembamba. Vitu vya mviringo na vilivyo laini huvutwa kutokea nyuma, ama kwa kulabu, ama kwa mpira mwembamba wenye puto nchani, unaopitishwa hadi nyuma ya kitu kisha puto ikajazwa na kuvutwa. Vingine hufyonzwa kwa mashine. Kitu kikiwa ndani sana, au mtoto akipambana kiasi cha kuhatarisha, hupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, na huenda akapewa nusu kaputi ili kitolewe kwa utulivu. Madaktari husema jaribio la kwanza ndilo lenye matumaini makubwa kuliko yote. Kila linaloshindikana humwongezea mtoto hofu, damu na uvimbe. Mzazi anayejaribu nyumbani humnyang'anya daktari jaribio hilo la kwanza.

Baada ya hapo daktari alimulika tundu la pili, kisha masikio yote mawili. Aliyejitia kimoja huenda alijitia viwili. Eksirei hatukuandikiwa, nayo si kwa kila kitu: huonyesha chuma, betri na mawe, lakini maharage, sponji, mbao na plastiki nyingi hazionekani. Kwa hiyo picha safi si ushahidi kwamba pua ni tupu. Siku ya nne harufu ilikuwa imekwisha kabisa.

Vitu viwili visivyongoja asubuhi

Nimesema saa nane zisingemdhuru binti yangu. Kauli hiyo ni ya ushanga. Si ya betri.

Daktari aliponiambia haya nilishikwa na baridi, kwa kuwa katika nyumba yetu mlikuwa na betri nyingi kuliko tasbihi. Namaanisha zile bapa, za mviringo, mfano wa kifungo cha shati. Zimo katika saa, vipimajoto, rimoti ndogo, vitu vya kuchezea vinavyoimba, viatu vya watoto vinavyomeremeta, na hata katika zile tasbihi za kubonyeza zinazovaliwa kidoleni, ambazo sasa zimeenea misikitini.

Betri hiyo ikigusa utando wenye unyevu, unyevu huo huunganisha pande zake mbili na umeme hupita. Umeme huibadili maji ya mwilini, upande wa hasi, kuwa magadi makali mfano wa yale ya kutengenezea sabuni, nayo huunguza nyama na kuiyeyusha. Haihitaji kupasuka wala kuvuja ili iunguze. Hata iliyochoka, isiyoweza tena kuendesha saa, huwa imebakiwa na nguvu ya kutosha kumdhuru mtoto. Madhara huanza ndani ya saa chache. Ukuta wa kati unaotenganisha matundu mawili ya pua huweza kutoboka, na umbo la pua likaharibika kwa maisha yake yote.

Kwa hiyo mtoto akishukiwa kujitia betri, nenda hospitali saa ile ile, iwe usiku wa manane, iwe mvua. Ukifika mlangoni litamke neno "betri" kabla ya salamu nyingine, ili asiwekwe kwenye foleni ya mafua. Usimtie matone yoyote, maji wala maji ya chumvi, kwa kuwa unyevu huisaidia betri kufanya kazi. Ukiona majimaji meusi au ya kijivu yakitoka upande mmoja, usipoteze hata dakika. Na baada ya betri kutolewa, mtoto arudishwe kuangaliwa siku atakazopangiwa, kwani kidonda huweza kuendelea kula hata kitu kikiwa kimeondoka.

Cha pili ni sumaku, hasa zikiwa mbili, kama zile za vipini na hereni za kubandika zisizohitaji kutoboa. Moja ikiwa tundu hili na nyingine tundu lile, huvutana kupitia ukuta wa kati na kuubana mpaka damu isifike. Hapo napo ukuta hutoboka.

Pamoja na hivyo viwili, yeyote anayekohoa ghafla, anayepumua kwa sauti au kwa shida, au anayebadilika rangi ya midomo, akimbizwe hospitali bila kungoja. Huenda kitu kimekwisha kushuka katika njia ya hewa.

Nyumbani ufanye nini

Kwanza, ushushe uso wako kabla ya sauti yako. Mtoto husoma uso. Mwulize kwa upole ni kitu gani na kiko upande gani, wala usimtishe kwa fimbo, maana atakana kama alivyonikana wangu.

Pili, mkalishe wima na umwambie apumue kwa kinywa. Usimlaze chali kama nilivyofanya mimi.

Tatu, kama ni mkubwa kiasi cha kujua kupenga kamasi, liziba kwa kidole tundu lililo salama na umwambie apenge kwa nguvu kwenda nje, mara chache tu. Kama hajui tofauti ya kupenga na kuvuta, acha. Akivuta, kitu kitarudi nyuma. Kwa sababu hiyo hiyo, wale watoto tunaowafundisha udhu wasiambiwe wapandishe maji puani wakati tunashuku pana kitu ndani, kwani maji hayo hukisukuma kitu na kulivimbisha harage.

Nne, usiingize kidole, pini, njiti ya kiberiti, pamba ya masikio wala kibanio. Usimnusishe ugoro wala pilipili manga ili apige chafya. Kabla ya kila chafya mtu huvuta pumzi kwa nguvu, na pumzi hiyo huenda ikakivuta kitu ndani. Mafuta ya habbat sauda na asali vina heshima yake majumbani mwetu, lakini mahali pake si katika tundu lililozibwa.

Tano, usimlishe njiani, kwa kuwa huenda akahitaji nusu kaputi, nayo hutolewa tumbo likiwa tupu.

Ipo njia moja ambayo mzazi ndiye chombo chake, na madaktari wameipa jina zuri: busu la mama. Iliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1965 na daktari mmoja wa New Jersey, Marekani, aitwaye Vladimir Ctibor. Mama, au baba, humwambia mtoto kwamba atampa busu kubwa. Huweka kinywa chake juu ya kinywa cha mtoto kilicho wazi, akakifunika pasipo mwanya, na kwa kidole akaliziba tundu la pua lililo salama. Hupuliza polepole mpaka ahisi upinzani, yaani koo la mtoto limejifunga, kisha hupuliza pumzi moja fupi ya ghafla. Hewa isiyoweza kushuka mapafuni hupanda, ikazunguka nyuma ya kaakaa, na kukisukuma kitu nje kutokea nyuma, mahali ambapo kibanio hakifiki.

Mapitio ya ripoti mbalimbali yaliyochapishwa katika jarida la madaktari wa Kanada mwaka 2012 yalionyesha kwamba njia hii ilifaulu kwa takriban watoto 6 kati ya 10, na hakukuripotiwa madhara. Hata pale kitu kisipotoka, mara nyingine husogea mbele na kufikika kwa urahisi. Ni vyema ifanywe mbele ya mhudumu wa afya, ambaye atakuelekeza, ataangalia kama inafaa, na atakuwa na la kufanya ikishindikana. Mtoto anayepumua kwa shida asifanyiwe, na kwa betri isiwe sababu ya kuchelewa.

Tuliyobadili nyumbani na msikitini

Kikao cha kamati kilichofuata niliomba dakika chache nje ya ajenda. Nililetewa na wenzangu visa vitatu kabla sijamaliza changu. Kumbe kila nyumba ina harage lake, ila hatusimuliani. Tukakubaliana mambo madogo. Rafu ya tasbihi, iliyokuwa chini ambapo watoto hufika, imepandishwa juu. Zile za kubonyeza tumezikagua, na zisizokuwa na skrubu kwenye kifuniko cha betri zimeondolewa. Walimu wa chuoni wameombwa kuokota vipande vya chaki kabla ya watoto wadogo kuingia, na kutumwambia mzazi mara tu mtoto akianza kukimbiwa na wenzake.

Nyumbani tumeweka kanuni mbili. Betri kuukuu hufungwa kwa utepe wa gundi na kuwekwa juu kabatini mpaka zipelekwe nje, wala haziachwi droo ambayo mtoto huifungua. Na mtoto anayekuja kusema "nimejitia kitu" hachapwi, hata kama ni mara ya tatu. Anayechapwa leo kwa kusema kweli, kesho ataficha betri.

Kanuni ya tatu ni ya mama yangu, naye ameitunga baada ya kuipokea punje yake ikiwa imefungwa katika kipande cha pamba. Kitu kidogo kikikosekana katika nyumba yenye mtoto wa miaka 3, kabla ya kukunja mkeka na kusogeza kitanda, mtafute kwanza mtoto.

Wabillahi tawfiq.